"Halisumbui": Uhakiki wa Kigari cha Moto

Ukitaka kununua gari Dar es Salaam, utalisikia neno moja kabla hujauliza bei. Halisumbui. Dalali atakwambia, mjomba atakwambia, fundi atakwambia, na hata konda wa daladala ambaye hajawahi kumiliki baiskeli atakwambia. Halisumbui bwana, spea zake zimejaa Kariakoo, asubuhi ukitia ufunguo linawaka. Sifa hiyo imekua mpaka imezimeza sifa nyingine zote. Hakuna anayeuliza gari lenyewe likoje barabarani, linampa dereva nini, linakata kona namna gani. Likishakuwa halisumbui, basi, mjadala umefungwa, lete hela.

Mimi singekuwa na ugomvi na neno hilo kama lingebaki huko huko kwa madalali. Lakini siku hizi nalisikia mahali pengine. Tukikaa kijiweni kusomeana kazi zetu, mtu akimaliza kusoma hadithi yake, wenzake wanamsifu: nzuri, haisumbui, unasoma mara moja umeelewa. Shairi nalo ni zuri kwa kuwa halisumbui. Yaani kipimo tunachonunulia gari la kwendea kazini ndicho hicho hicho tunachopimia fasihi, na hatushtuki. Ndiyo maana nimeamua kuhakiki kitu ambacho kinajulikana dunia nzima kwa kusumbua, na ambacho watu wanaendelea kukipenda: kile kigari kidogo, cha mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo, kilichotiwa injini kali kuliko umbo lake. Waingereza husema ni hachibaki yenye moto. Hapa nitakiita kigari cha moto.

Msomaji atauliza, jarida la fasihi na gereji wapi na wapi? Mhakiki wa Kifaransa, Roland Barthes, aliandika juu ya Citroën DS katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957. Alilisoma gari lile kama mtu anavyosoma kazi ya sanaa, na hakuna aliyemfukuza katika fasihi. Na sisi wenyewe tumeanza kusoma magari tukiwa watoto: nani hapa hajajifunza methali mgongoni mwa lori au kwenye kioo cha daladala? Basi tusioneane aibu. Nitafuata njia tuliyofundishwa sote shuleni, fani kwanza halafu maudhui, kisha nitafika kwenye kasoro, ambako ndiko uliko ugomvi wenyewe.

Kazi ninayoihakiki ni Peugeot 205 GTI, kwa sababu historia yake iko wazi na wanaojua magari wengi huitaja kwanza wakiulizwa juu ya vigari vya namna hii. Nami ninacho kigari cha ukoo huo, cha kampuni nyingine, milango mitatu, kilichopitia mikono ya watu kabla yangu. Kampuni hiyo siitaji. Shida zangu za gereji si kesi ya kuanika hadharani. Changu nitakiita kama shahidi tu, nitakapozungumza juu ya kuishi nacho.

FANI

Mtindo huu ulipata jina mwaka 1976, Volkswagen walipotoa Golf GTI. Walichukua gari la kawaida la familia, la kilo 800 na kidogo, wakalitia injini ya nguvu za farasi 110. Walidhani watauza 5,000 tu. Wakauza mamia ya maelfu. Kampuni nyingine zikaamka usingizini. Peugeot walitoa 205 yao mwaka 1983, na mwaka uliofuata wakaleta GTI: injini ya cc 1,580, nguvu za farasi 105, uzito wa kilo kama 850. Mwishoni mwa 1986 ikaja ya cc 1,905 yenye farasi 130. Ukoo mzima wa 205 ulikoma mwaka 1998, baada ya magari zaidi ya milioni tano kutengenezwa.

Piga hesabu. Katika ile ya kwanza, kila farasi alibeba kilo nane. Sasa tazama Toyota IST ya cc 1,500, moja ya yale magari yaliyojaa katika kila foleni ya mji huu. Injini yake ina farasi 109. Zaidi ya 205 GTI ya mwaka 1984! Kama raha ingekuwa nguvu tu, kila IST inayosota kwenye foleni ya Ubungo ingekuwa kigari cha moto. Wapi bwana. Wenye IST wanajua, na hawadai.

Siri basi haimo katika nguvu. Imo katika namna vitu vilivyounganishwa, na hiyo ndiyo maana ya fani. Kwanza, wepesi: hakuna kitu kilichowekwa pale ili kumbembeleza mnunuzi. Pili, gia za mkono, kwa hiyo kila uamuzi ni wa dereva. Tatu, usukani ambao katika magari ya mwanzo haukuwa na msaada wa pawa. Ukipaki ni kazi ya kubeba zege, lakini ukishakwenda mwendo, changarawe moja ikipita chini ya tairi la kulia unaisikia kwenye kiganja cha kulia. Nne, nyuma. Magurudumu ya nyuma yameshikwa na mikono miwili inayoburuzwa, na badala ya springi za kawaida kuna vyuma vya kujinyonga vilivyolala chini ya sakafu. Kwa mpango huo buti likabaki pana na bapa, na mkia ukawa mwepesi wa kufuata kona. Kitu kimoja kimetatua shida ya mizigo na shida ya raha kwa pamoja. Mwandishi yeyote angeona wivu.

Hii ndiyo fani iliyobana. Ukikaa ndani unaelewa kwamba aliyeibuni alijua anataka kusema nini, akakata yale ambayo hayakuhusu.

MAUDHUI

Kabla ya vigari hivi, raha ya kuendesha ilikuwa na wenyewe. Ulihitaji gari la michezo, siti mbili, boneti refu, na bila shaka gari jingine nyumbani la kubebea watoto na viazi. Kigari cha moto kilikuja na hoja tofauti. Kilisema kwamba mwalimu, karani, nesi, mtu mwenye gari moja tu maishani, naye ana haki ya kufurahi akirudi nyumbani. Asubuhi watoto shuleni, mchana gunia nyuma, Jumamosi jioni njia ndefu yenye kona badala ya njia fupi. Gari ni lile lile moja.

Hayo ndiyo maudhui yake, na mimi nayaona ni maudhui makubwa. Hayasemi juu ya kasi. Yanasema juu ya nani anaruhusiwa kustarehe.

Lakini hapa kwetu maudhui hayo yamepinduka kichwa chini. Kwa sababu kinasumbua, kigari cha moto kimekuwa gari la mtu mwenye gari jingine. Mwenye gari moja anatakiwa awe kazini saa moja na nusu asubuhi, na bosi hataki kusikia habari za beringi. Mwenye gari moja ndiye anayegongewa mlango usiku wa manane kwa kuwa jirani ameshikwa na uchungu. Huwezi kumwambia mama wa watu asubiri injini ipoe. Kwa hiyo kitu kilichozaliwa kwa ajili ya mtu wa kawaida kimeishia kwa mwenye nafasi, ambaye likimzimikia hili anachukua lile. Anayesema "halisumbui" si mjinga hata kidogo. Anajua gharama ya kuchelewa ni ya nani. Mhakiki anayetaka kumbishia lazima aanzie hapo, asijifiche nyuma ya maneno matamu kuhusu sanaa.

KASORO

Kosa letu, wasifiaji na walaumuji pamoja, ni kuweka kasoro zote kwenye gunia moja. Mimi naziona ni za aina tatu.

Ya kwanza naiita kasoro ya nia. 205 GTI ina tabia moja mashuhuri: ukiingia kona kwa kasi, halafu woga ukakushika ukaachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, nyuma inabaki nyepesi, na mkia unachomoka. Wapo walioishia mtaroni wakitazama walikotoka. Je, hiyo ni kasoro? Ndiyo, tena ya hatari. Lakini imetoka wapi? Imetoka kwenye wepesi ule ule na mkia ule ule niliousifu kwenye fani. Wahandisi wangeweza kuifuta kabisa, na pamoja nayo wangefuta sababu ya gari kuwapo. Hivyo hivyo na mwili wake mwembamba: wepesi unaokupa raha ndio utakaokuacha uchi siku ya ajali, maana hayo ni magari ya enzi ambayo mifuko ya hewa ilikuwa anasa. Mhakiki mwaminifu hasemi jambo hili ni dogo. Anasema: raha na hatari hapa zina mzizi mmoja, na anayetaka moja ajue anachukua zote mbili.

Ya pili ni kasoro ya uzembe, au niseme ubahili. Plastiki ya dashibodi ya gari lile ilikuwa inagonga kama debe tupu. Injini ikishapata moto, ukizima kwa dakika kumi kununua soda, ilikuwa tabia yake kugoma kuwaka. Maji yakiingia kwenye beringi za ekseli ya nyuma, beringi zinakula chuma kimyakimya, mpaka siku moja unaona magurudumu ya nyuma yameinamisha vichwa kwa ndani kama wazee wanaosengenya. Sasa niambie, dashibodi inayogonga imemwongezea nani raha? Hakuna. Kuna mashabiki watakaokwambia eti hiyo ndiyo roho ya gari la Kifaransa. Jamani, hiyo si roho. Ni mtu fulani kiwandani aliyeokoa senti.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayotuhusu zaidi. Ni kasoro ambayo haimo ndani ya gari. Imo mjini.

Chukua hiyo hiyo Peugeot. Leo ukitaja gari la Kifaransa kijiweni, watu wanacheka. Lakini ni kampuni hiyo hiyo ambayo 404 yake ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, watu waliotokea hapa hapa Tanzania. Ni kampuni hiyo hiyo ambayo 504 yake ilishinda tena mwaka 1975 na 1978. Kenya, 504 ndefu ilibeba abiria wa mikoani miaka na miaka, mpaka "Peugeot" likawa jina la usafiri wenyewe. Gari lile lilikuwa gumu, sawa. Lakini pia liliunganishwa Mombasa, mafundi walilijua nje ndani, na spea zake zilikuwa kila mji. Lilikuwa halisumbui kwa sababu lilikuwa na ndugu kila mahali.

Kama mfano huo hautoshi, mtazame mdogo wake wa Kiitaliano, Lancia Delta Integrale. Hicho nacho ni kigari cha mlango wa nyuma, cha cc 2,000, chenye turbo, kinachovuta kwa magurudumu manne. Kwa wanaokimiliki sifa yake ni ya mgonjwa wa kudumu: waya, kutu, na mkanda wa taimingi ambao ukichelewa kuubadilisha unaweza kuondoka na injini. Sasa kumbuka Safari Rally ya wakati ule ilikuwa maelfu ya kilomita za mawe, vumbi na matope, mbio za kuvunja magari kuliko zote duniani. Delta ilizishinda mwaka 1988 na 1989 ikiendeshwa na Miki Biasion, na tena mwaka 1991 ikiendeshwa na Juha Kankkunen. Mgonjwa wetu huyo! Ilikuwaje? Ilikuwa hivi: nyuma yake kulikuwa na magari ya huduma, matairi kwa mamia, mafundi waliopangwa njia nzima, na helikopta juu. Kitu kikilegea kinafungwa, kikivunjika kinang'olewa kinatiwa kingine, safari inaendelea.

Kutosumbua, kwa hiyo, si tabia ya chuma peke yake. Ni idadi ya mikono iliyo nyuma yako. IST haisumbui kwa sababu ni gari zuri, na pia kwa sababu kila fundi wa Gerezani amekwisha kuifungua akiwa na umri wa miaka kumi na saba, na kila duka lina chujio lake. Mji mzima ni gereji yake. Kigari changu hakina mji.

Na kuna mkono mmoja zaidi, ule unaoshika usukani. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari kigari cha kuchekesha, Vivio ya cc 660, injini ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Mskoti Colin McRae alikwenda nacho mbio kiasi cha kuwatia aibu wenye magari makubwa, halafu kikamvunjikia, akatoka. Mkenya Patrick Njiru, katika Vivio vilevile, alifika mwisho akiwa wa 12. Kigari kile kile, njia ile ile. Sisemi McRae alikosea. Aliletwa akimbie na alikimbia. Nasema tu kwamba ukiuliza kama Vivio inasumbua, jibu linategemea unamuuliza nani.

KUISHI NACHO

Sasa nimwite shahidi. Kuishi na kigari cha moto katika mji usio na spea zake ni kujifunza kusikiliza. Mwenye gari lisilosumbua haliskii gari lake; kwa nini alisikie? Mimi najua sauti ya feni ikichelewa kuwaka, najua harufu ya rejeta kabla ya kuona mvuke, najua klachi imebakiza miezi mingapi. Buti langu lina galoni la maji, spana, waya na tochi. Namjua fundi mmoja tu ninayemwamini, na yeye ananijua kuliko ndugu zangu wengine. Kila akifungua boneti husema maneno yale yale: "Kaka, uza hili, chukua IST, ulale usingizi." Namjibu: "Fundi, nikilala wewe utakula wapi?" Anacheka, anaendelea kufungua.

Ni vizuri niseme nani analipa. Mimi nalipa hela. Lakini abiria wangu wanalipa muda, na wao hawakuonja raha yoyote. Dada yangu aliwahi kushuka katikati ya barabara akapanda bodaboda kwenda kwenye usaili wa kazi, hakunisalimia siku tatu. Alikuwa na haki. Raha ya mmoja ikiwa inalipwa na mwingine, huo ni ubinafsi, hata ukiitwa mapenzi ya magari.

Napata nini basi? Napata barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto. Ni kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, mlima upande huu na shimo upande huu. Gia ya pili, ya tatu, ya pili tena. Kigari kinaingia kona kama kinajua njia, na mimi kwa mara ya kwanza wiki nzima siwazi kitu kingine chochote. Nikifika juu shati limelowa, sindano ya joto imepanda kidogo, mikono inatetemeka. Nimepanda barabara ile mara kadhaa nikiwa ndani ya gari lisilosumbua. Nilifika pia. Sikumbuki hata kona moja.

Mtu atanipinga kwa hoja nzito: mbona siku hizi vyote viwili vinapatikana? Toyota wenyewe walitoa GR Yaris mwaka 2020, milango mitatu, silinda tatu, turbo, farasi zaidi ya 250. Na Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya karibu miaka ishirini, kigari cha Yaris ndicho kilichoshinda, kikaendelea kushinda miaka iliyofuata. Hoja naikubali, tena inanisaidia. Inathibitisha kwamba kasoro ya uzembe haikuwa lazima tangu mwanzo. Raha haidai dashibodi igonge. Ila kasoro ya nia bado ipo: GR Yaris ni ngumu, ina kelele, siti za nyuma ni za adhabu. Na bei yake imekirudisha kigari cha moto kule kule kwa wenye magari mawili. Maudhui yamepotea hata kama fani imekamilika.

KIPIMO

Nirudi kijiweni. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yaliyoachana na vina na mizani, na miaka ile ulizuka ugomvi mkubwa kama hayo ni mashairi au si mashairi. Ukiutazama ugomvi ule kwa jicho la gereji, mambo yanaeleweka. Vina na mizani ni spea zilizojaa kila duka: redio inazo, mwalimu anazo, babu anazo. Shairi la kimapokeo likikukwama, kuna mtu jirani atakayelifungua. Kichomi kiliingia mjini bila fundi hata mmoja. Watu wakasema linasumbua. Leo kinafundishwa vyuoni na wanafunzi wanakifungua bila hofu. Mashairi hayakubadilika hata neno. Waliongezeka mafundi.

Kazi ya mhakiki, basi, ni ufundi. Sisi wengi tumekuwa madalali. Dalali anatazama kitu na kusema kitauzika au hakiuziki, kinasumbua au hakisumbui. Fundi anafungua boneti aone kinasumbua kwa nini. Tukiendelea kuwa madalali, vijana wataandika IST tupu. Ile hadithi tunayoijua: msichana wa kijijini, mjini, mwanamume mwenye hela, majuto. Inawaka kila asubuhi. Inafika. Hukumbuki kona hata moja.

Lakini sitaki uhakiki huu uwe kinga ya wavivu, maana wapo, nami nawajua. Mtu analeta hadithi ambayo mhusika anaitwa Rehema ukurasa wa kwanza na Rehana ukurasa wa tatu, sentensi hazina miguu, nukta hazina makazi. Ukimuuliza anakwambia ni majaribio, wewe huelewi usasa. Mshikaji, hiyo ni dashibodi inayogonga. Irudishe gereji.

Napendekeza swali moja la kutenganisha. Ukiiona kasoro, jiulize: nikiiondoa, raha nayo itaondoka? Ikiwa itaondoka, hiyo ni kasoro ya nia. Iache, lakini mwonye msomaji kwamba kona inakuja. Ikiwa haitaondoka, ni uzembe, chukua spana. Na kabla ya kutoa hukumu yoyote, jiulize kama tatizo liko kwenye kazi au kwenye mji ambao bado haujapata mafundi wake.

HITIMISHO

Hukumu yangu juu ya kigari chenyewe ni hii. Peugeot 205 GTI ni kazi kubwa yenye uzembe usiosameheka, na uzembe huo haufuti ukubwa wake. Kama una gari moja na bosi asiyesikia hadithi, usinunue kigari cha moto kabla hujanunua mikono: tafuta fundi kwanza, tafuta spea kwanza, weka akiba kwanza, gari liwe la mwisho. Ukishindwa hayo, chukua lisilosumbua, na asikucheke mtu. Kumfikisha mgonjwa hospitali ni jambo kubwa kuliko kona za Lushoto.

Kwenye karatasi hesabu ni nyingine. Hadithi ikizimika katikati ya njia, hakuna mgonjwa anayefia kwenye siti ya nyuma. Hakuna dada anayekosa usaili. Imepotea karatasi na usiku mmoja, basi. Kule barabarani kijana asiye na hela hana haki ya kusumbuliwa, kwa sababu hana gari la pili. Hapa anayo. Ni mahali pamoja kati ya machache ambapo mtu wa chumba kimoja Manzese anaweza kujaribu injini kubwa kuliko umbo lake sawasawa na mtu wa Masaki, na ikilipuka akaanza nyingine kesho.

Kwa hiyo wenzangu, tukikaa tena kusomeana, naomba neno lile tulirudishe kwa madalali. Mtu akisoma kazi yake, tusimwambie haisumbui. Tumwambie imetusumbua wapi, ukurasa gani, na kama inafaa iendelee kutusumbua hapo.